Sakafu ya Moto Niliyomjengea Mama

Wacha nijicheke kabla hamjanicheka. Kazi yangu Doha ni kutandika foamu juu ya paa, joto la jua lisipenye. Basi nilipomjengea mama nyumba ya mbao kwenye baridi ya Limuru, imeinuliwa kwa nguzo, na paipu za maji moto sakafuni, nilimwamuru fundi kwa simu: "Foamu ikae juu ya paipu!" Fundi alibisha. Nikamuuliza kama amewahi kufika Ghuba.

Ijumaa, baada ya ibada kanisani Mesaimeer, huku Doha, niliwakusanya wenzangu, nikampigia mama video kwa mbwembwe. "Mama, vua viatu! Joto limekolea?"

"Miguu imekufa ganzi kwa baridi, mwanangu." Kisha akatoka nje, akainamisha simu chini ya nyumba, akicheka. "Lakini kuku wote wamehamia huku kwenye joto. Hawajawahi kutaga hivi!"