Nilivyouweka Mfarishi wa Shangazi Kwenye Karatasi

Shangazi yangu hajui a wala be, lakini alikuwa na kamba. Kamba ya usumba yenye mafundo saba: fundo la kwanza kichwa cha mlalaji, la tatu bega, la tano nyonga, na la mwisho nyayo. Kwa kamba hiyo alishona mifarishi, matandiko ya viraka vya kanga, tabaka mbili, nyota kubwa katikati, na hapa kisiwani Chole bibi harusi asiyekuwa na mfarishi wa shangazi alihesabiwa ameolewa nusu. Mimi niliiita kamba ya kufungia mbuzi. Alicheka. Wakati huo alikuwa bado anacheka utani wangu.

Tulipokuwa kijiji cha ujamaa, ghala la mbata likageuzwa chumba cha ushoni. Shangazi akatoa cherehani yake ya mkono, aliyoinunua kwa miaka ya kusuka mikeka, akaiweka humo kwa ajili ya wote. Halmashauri ikasema ishonwe kwanza mifarishi sita ya vitanda vya zahanati, kisha atachaguliwa mwalimu wa chumba. Kila mtu alijua ni nani. Mwenyewe pia alijua, maana alianza kwenda kazini na viatu.

Shida ilikuwa vitanda. Nyota yake ilizoea kitanda cha kamba cha watu wawili na mtoto, na vya zahanati ni vya chuma, vyembamba, kama vilitengenezwa kwa wagonjwa walioliwa nusu. Akaenda kuvipima, akarudi, akakaa siku mbili akiigeuzageuza kamba mikononi. Siku ya tatu akafungua fundo moja na kulifunga upya kidogo pembeni. Nyota ikabaki nzima, pindo za ubavuni zikaondoka, kilichokatwa kikahamia miguuni. Basi. Siku mbili nzima kwa ajili ya fundo moja.

Mimi nilikuwa likizoni, darasa la saba, bingwa wa hesabu na wa kuchapwa kwa sababu ya mdomo. Niliona aibu kwa ajili yake, ndiyo kweli yenyewe. Kwa hiyo nikachukua rula na karatasi ya mirabaraba, nikaihamisha kamba yote kwenye inchi, kila kiraka na namba yake, na hatua zote kuanzia moja hadi kumi na mbili. Nikaupigilia ule mchoro ukutani. Halafu nikavamia makapu. Alikuwa ameweka viraka kwenye makapu matano bila mpango niliouona mimi: nyekundu na kijani humo humo, kama kachumbari. Nikamwaga vyote, nikapanga kwa rangi. Aliporudi kutoka kisimani akasimama mlangoni, akatazama sana, akasema, "Pazuri, mwanangu." Kuanzia hapo, kabla ya kushona kiraka alikivuta kwanza kwa mikono miwili mbele ya dirisha. Nikamwambia macho yamezeeka, aende zahanati akalalie mifarishi yake.

Wiki hiyo Katibu wa kijiji akaja kukagua. Aliupita mfarishi uliokwisha kushonwa akaenda moja kwa moja kwenye karatasi. Akaisoma yote, mikono nyuma. Akaniuliza kama mtu mwingine anaweza kushona kwa kuifuata hiyo tu.

"Ndugu Katibu," nikasema, "hata mbuzi, akijua kuhesabu."

Alicheka mpaka akavua miwani. Wanawake wote wakacheka. Shangazi naye alicheka, nilimwona, na mkono wake umeshika gurudumu la cherehani.

Mkutano ulikaa Ijumaa baada ya sala. Ikaelezwa kwamba kwa kuwa kazi sasa imeandikwa, hakuna haja ya kungoja mifarishi yote sita, na mwalimu awe anayejua kusoma. Akachaguliwa mke wa mganga wa zahanati, mgeni kutoka bara, mtu mpole wala sina la kumlaumu. Cherehani ibaki chumbani, ni ya wote. Shangazi akaandikishwa kwenye kisomo cha watu wazima, na chumbani akawekwa na wanafunzi. Katibu akanisifu mbele ya watu kwamba nimekitoa kijiji gizani. Watu wakapiga makofi.

Nilingoja shangazi anitukane. Ningefurahi. Kesho yake alinikuta chumbani peke yangu, akakaa kwenye mkeka wa nyuma, walipotengewa wanafunzi. Viatu hakuvaa.

"Nisomee," akasema. "Mfarishi wangu unasemaje hapo?"

Nikasoma hatua ya kwanza mpaka ya kumi na mbili. Midomo yake ilikuwa ikinifuata. Nilipomaliza akasema pamepungua. Nguo mpya haishonwi na nguo kuukuu, mpya itairarua nzee siku ya kwanza ya kufuliwa. Ndiyo maana ya makapu matano: yalipangwa kwa uzee wa nguo. Ndiyo maana ya kuvuta kiraka dirishani, akiutafuta tena uzee niliouvuruga mimi.

Nikamwambia aache. Wasijue. Mifarishi ichanike, wamrudie wakimbembeleza.

"Na aliyelala juu yake na homa, kosa lake lipi?" akasema. "Andika."

Nikaandika kwa kalamu nyekundu, hatua ya kumi na tatu.

Jumatatu mwalimu aliisoma mara mbili, akafurahi kweli, akasema hii ndiyo faida ya maandishi. Kisha akataka darasa lirudie baada yake. Nguo mpya kwa mpya, kuukuu kwa kuukuu. Wanawake wakaitikia kwa sauti moja, na shangazi, pale nyuma, akaitikia nao.