Kichwa cha Celestine

Siku hizi wasichana wa Kansanga, hapa Kampala, wanasukwa macho yakiwa kwenye simu. Zamani walikuwa na kelele, na mimi nilizipenda, maana nilikaanga chapati mlangoni pa Celestine na halikunipita neno.

Celestine alitoka Busia, upande wa Kenya, miaka michache baada ya vita vya msituni kwisha mwaka 1986, akafungua kibanda cha kusuka. Msimu wake ulikuwa Pasaka. Shuleni wasichana walikatwa nywele zote. Waliomaliza mtihani wa Senior Four, yaani kidato cha nne, walizifuga, na Pasaka ikifika walikuja kusukwa mistari, ile ambayo Waganda huiita biswahili. Lo, walivyoringa!

Msaidizi wake alikuwa Julienne, Mkongo mwenye vidole vyepesi. Mwaka mmoja alikonda, na mtaa ukanong'ona: silimu, ndivyo tulivyouita UKIMWI. Wasichana wakabanana kwenye benchi la Celestine, kiti cha mbele ya Julienne kikabaki kitupu.

"Dada, kama hawakai kwangu, mi narudi Bunia," Julienne alisema. Huko hakuwa na mtu tena.

Celestine akawageukia wasichana. "Shuleni mlifundishwa UKIMWI unaambukizwa vipi?"

Wakajibu kama kasuku: ngono, damu, mama kwa mtoto. Wakaimba hata wimbo wa klabu yao ya UKIMWI ya shuleni.

"Na kusukwa je?"

"Kusuka haina shida, Anti," alisema Akot, mrefu kuliko wote. "Hiyo swali ilikuja kwa mtihani, mi nilipata. Lakini kwa kichwa yangu, hapana."

Nilicheka mpaka chapati ikaungua, ingawa hasira zilinipanda. Celestine hakucheka. Aliweka chanuo chini, akavua kitambaa, akaketi mbele ya Julienne.

"Nisuke. Taratibu, hatuna haraka."

Basi kazi yote ikasimama. Wasichana walingoja, wakasonya, wakatazama vidole vile vikitembea. Mistari ikatoka myembamba, imenyooka, inang'aa. Kufikia mchana Akot alishindwa kuvumilia.

"Anti Julienne, na mimi unaweza kunifanya hivyo hivyo?"

Urembo ulifanya kazi iliyowashinda walimu. Julienne alisuka Pasaka ile yote, na iliyofuata. Mtaa haukukosea, alikuwa nayo, akatutoka kabla dawa hazijatufikia. Inaniuma mpaka leo.

Sasa Akot huleta binti zake kwa Celestine. Juzi mdogo alimuuliza kwa nini yeye, msusi mzima, hunyoa kichwa.

"Aliyekuwa akinisuka hayupo," akajibu, akamvuta mtoto karibu, akaanza mstari wa kwanza.