Blanketi za Mahari

Muuzaji akiniita "mathe", yaani mama, kabla sijasema nataka nini, huwa nakaza mkono kwenye mkoba. Yule wa maiki mjini Nakuru alianza hivyo hivyo. "Mathe, hii ni original. Studio zote kubwa wanatumia hii." Nikamwambia aiunganishe niisikie. Akasema stima imepotea, ilhali redio ya duka la jirani inaimba. Nikatoka bila kuaga.

Nilikuwa na haraka ambayo sikutaka aione. Mama yangu alikuwa amekuja kwangu mtaani Section 58 kutoka shambani kwake, upande wa Mai Mahiu, akisubiri upasuaji wa rovu, ule uvimbe wa shingoni. Daktari aliniambia kando kwamba uvimbe wenyewe si wa kutisha, ila umekaa karibu na mishipa ya sauti, na huenda sauti ikabadilika. Mama ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kanisani kwao tangu nikiwa mtoto. Nilitaka kuirekodi sauti hiyo ikiwa bado ni yake, kwa hiyo nikaamua kona ya sebule yangu iwe studio. Yeye sikumwambia sababu, nisimtie hofu.

Uwezo wangu ulitosha kitu kimoja cha maana, na kila niliyemuuliza nianze na nini alinitajia alichokuwa nacho. Mwenye spika alisema spika. Mwenye kompyuta alisema maiki si kitu bila kompyuta yake. Kaka yangu, ambaye hupiga kinanda kwenye harusi, alisema nianze na kinanda, na nilijua kingelala kwake.

Mwishowe nilinunua maiki iliyotumika, ya mwalimu mmoja wa kwaya, baada ya kuisikiliza nyumbani kwake kwa hedifoni zangu mwenyewe. Ilitoa sauti safi. Nilipoiwasha kwangu, nilisikika kama mtu aliyeanguka ndani ya tangi la maji. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, nikasema. Nikairudisha, na kwake ikawa nzuri tena. Nikamshuku kuwa ana maiki mbili na huzibadilisha nikigeuka. Niliporudi nayo nyumbani niliifunga uzi mwekundu uwe alama, nimnase akiibadilisha.

Kabla sijamnasa, nilijaribu jambo moja. Niliingiza maiki kabatini katikati ya makoti, nikaongea. Mwangwi ukakatika papo hapo. Kosa lilikuwa la sebule yangu, yenye sakafu ya vigae na kuta tupu. Mwalimu ana mapazia mazito na makochi hadi mlangoni. Nilikuwa nimeanza na kifaa, na chumba ndicho kilichohitaji kushughulikiwa kwanza.

Nguo nzito kuliko zote nyumbani zilikuwa blanketi ambazo mama aliletewa na wakwe zangu siku ya mahari yangu. Hazijawahi kutolewa kwenye nailoni. Alikuja nazo kwangu kwa sababu haamini mtu yeyote kumlindia nyumba. Tabia yangu ya kushuku watu sikuiokota njiani. Nikamwomba anipe.

"Za nini?"

"Za kuning'iniza ukutani, nikurekodi ukiimba."

Akakaa kitandani, akanitazama sana. "Daktari alikuambia nini?"

"Hakuna kitu, mum."

"Usinidanganye. Tangu nifike unatafuta mashine ya sauti yangu. Sasa ni blanketi. Mnanitayarishia matanga. Mtu akilala kwa jeneza, mnaweka wimbo wake kwa spika ndio watu walie."

Nikamweleza yote: kwamba si kifo, ni sauti, inaweza kurudi ikiwa nzito au isirudi vile ilivyokuwa. Nilitarajia machozi. Alikasirika.

"Na hiyo ndio ulinificha? Sauti si ni yangu?"

Akaomba makasi. Alikata nailoni mwenyewe, akazikung'uta blanketi zile kana kwamba zina wadudu, akanikabidhi. "Ning'iniza. Lakini na wewe utaimba. Nikiimba peke yangu, hiyo ni ya matanga."

Tuliimba asubuhi, kabla mvua haijaanza kupiga mabati. Alinisimamisha mara nyingi akisema nakokota wimbo. Nilikuwa na furaha hata nikasahau kukagua kama mashine inarekodi. Ilikuwa inarekodi.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Sauti ilirudi nzito, ya kukwaruza, na kanisani kwao sasa mwingine ndiye anayeanzisha nyimbo. Mama hakulizungumzia jambo hilo hadi alasiri moja aliponiomba hedifoni. Kwanza alizishika mbali kidogo na masikio, akiziangalia kwa wasiwasi. Kisha akazivaa, nikamfungulia wimbo wetu; hakuwahi kujisikia akiimba. Alisikiliza hadi mwisho, mkono ukiwa shingoni kwenye kovu. Akaashiria niurudie. Nikaurudia.

Alipozivua hakulia.

"Kumbe ndivyo mlikuwa mnanisikia," akasema kwa ile sauti nyingine. "Na hakuna mtu aliniambia."