Kitufe Chekundu cha Makutupora

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Karakana hakunionyesha kompyuta. Alinipa kitufe chekundu kilichofungwa nyaya mbili, akaketi na programu iliyochapwa karatasini, akaanza kuisoma kwa sauti, mstari baada ya mstari.

"Bonyeza popote upendapo," aliniambia. "Ukibonyeza mahali programu inapokitazama kitufe, nitasema nimekuona."

Nilibonyeza mara saba. Aliniona mara mbili.

"Programu hii kipofu," akasema. "Haya binti, ifumbue macho."

Karakana yetu, hapa Dodoma mjini, ilitengeneza vidhibiti vya pampu na mashine za wakulima. Ndani ya kila kidhibiti mna chipu, kompyuta nzima yenye ukubwa wa ukucha, na miguu yake ya chuma tunaiita pini. Pini nyingine hutoa amri, nyingine hupokea habari: kitufe kimebonyezwa, tangi limejaa. Lakini chipu hutekeleza amri moja moja. Ukiiambia ingoje sekunde tatu, itangoja kwelikweli; bonyeza kitufe hadi kidole kife ganzi, haina habari na wewe. Dawa yake ni kuukata muda huo vipande vidogo vidogo, na kati ya kipande na kipande chipu iichungulie pini. Vijana wa chuo kule Chimwaga wakinitembelea nyumbani kwangu Area D huniambia siku hizi kuna njia za mkato. Sawa, zipo. Nami huwapa kitufe.

Baadaye nilipanda cheo nikawa mkaguzi, na hakuna kidhibiti kilichotoka bila saini yangu. Ndipo tukapata kazi ya mashine ya kuponda zabibu, ya shamba moja la Makutupora. Siku ya kuipeleka lori lilikuwa nje linanguruma. Niliisoma programu kwa sauti, fundi mwenzangu akibonyeza kitufe cha kuzimia. Pale rola, zile silinda za kuponda, zinapoanza kuzunguka, mwandishi wa programu alikuwa ameweka sekunde tatu za kungoja. Mwenzangu alibonyeza humo mara nne. Sikumwona hata mara moja.

"Sekunde tatu tu!" Meneja wetu alifoka. "Zabibu zinaoza shambani. Saini twende."

"Siwezi, Meneja. Rola haihitaji hata moja kumaliza mkono wa mtu."

"Basi kesho usije kazini."

"Nitakuja, na programu iliyorekebishwa."

Nisidanganye, niliogopa; nilikuwa na watoto wawili shuleni. Mkuu wa Karakana, aliyekuwa akitusikiliza, alitoka nje akamwambia dereva azime lori. Mashine iliondoka kesho yake mchana, na kazi yangu nikabaki nayo.

Wiki hiyo hiyo, Mama Nyemo, mwendeshaji wa mashine ile, aliiwasha, na papo hapo ncha ya kitenge chake ikanaswa na rola, ikauvuta mkono wake. Akakipiga kitufe kwa mkono wa pili. Rola zilisimama kabla hazijamaliza mzunguko mmoja. Kitenge kiliraruka, basi.

Nilipostaafu, Meneja alisoma hotuba ndefu ya sifa. Lori hakuligusia. Mwishoni alinijia mwanamke aliyebeba kikapu cha zabibu, ambaye sikuwahi kumwona.

"Mbukwa, mama," alinisalimu kwa Kigogo. "Mimi ndiye Mama Nyemo, wa Makutupora."

Tulishikana mikono, sikuachia. Nilimuuliza ni mkono upi uliovutwa na rola.

"Huo ulioushika," akasema.