Kocha Aliyekataa Kumnyamazisha Kipa Wake

Saa tatu asubuhi ya Jumamosi, lami ya maegesho ya kanisa moja mjini Garland, kaskazini mashariki mwa Dallas, imeshaanza kuchoma. Mwanamume wa miaka hamsini na tisa anachechemea kati ya mistari ya kuegeshea magari, gongo la hoki mkononi, akipiga mipira ya tenisi kuelekea goli la mabomba alilolichomelea mwenyewe. Anafundisha hoki ya barafuni. Barafu yenyewe haipo.

"Sauti!" anafoka. "Matumaini, sauti yako umeiacha wapi?"

Golini yuko msichana wa miaka kumi na minne, vikinga vinene vimemfunika kuanzia mapajani hadi vidoleni. Mbele yake yuko binamu yake Lévi, beki. Mpira unamzunguka Lévi, mshambuliaji anautokea kutoka nyuma, na Matumaini anayaona yote hayo bila kufungua kinywa. Goli.

"Nilimuona, Coach," anasema kwa sauti ndogo. "I saw him. Sikuita tu."

Kocha Guntis Vitols hamkemei. Anainama kuokota mpira, uso umemwiva, na si kwa jua la Texas peke yake.

Kwa asiyeujua mchezo huu, kipa ndiye pekee anayeuona uwanja mzima. Beki anatazama mbele, hana habari ya anayemnyemelea mgongoni. Kipa humuitia: geuka, acha, nyuma yako. Kisahani cha mpira mgumu kinaruka kwa kasi ya gari la barabara kuu, kwa hiyo neno linatakiwa litoke kabla ya kufikiriwa. Kipa asiyeita ni nusu ya kipa.

Na Matumaini alikuwa akiita. Walimnyamazisha watu wazima, waliosoma, wakiwa wamekaa mezani na kahawa zao.

Vitols alizaliwa Riga, mji mkuu wa Latvia, nchi ndogo kando ya Bahari ya Baltiki. Alikaa golini tangu ana miaka sita kwa sababu kaka zake hawakutaka kupigwa na kisahani. Mwaka 1996 alikuja Texas kudakia timu ndogo ya kulipwa ya Fort Worth, mbele ya mashabiki waliokuja na kofia za wachunga ng'ombe. Baada ya misimu minne, goti la kushoto likagoma.

Akageukia ukocha. Kwa miaka ishirini na miwili aliwafundisha makipa kwenye uwanja wa barafu karibu na Lewisville, na kati ya somo na somo aliendesha ile mashine ya kulainishia barafu. Somo lake la kwanza halikubadilika hata siku moja: kabla ya mchezo, kwangua. Kipa anakwangua barafu ya mbele ya goli kwa viatu vyake, kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka utelezi unakatika na miguu inashika.

"Ukimaliza kukwangua, hapo ni kwako," anasema. "Anayeingia, ameingia nyumbani kwa mtu."

Mama yake Matumaini, Scholastique, mkimbizi wa zamani kutoka Uvira, mashariki mwa Kongo, alikuwa akifagia majukwaa ya uwanja huohuo. Alikuja na mtoto kazini kwa kuwa nyumbani hakukuwa na wa kubaki naye. Siku moja kipa wa watoto hakutokea, na Vitols akatoa stoo vikinga vya zamani.

"Papa Guntis alimuvalisha ile mizigo yote, mimi nikazani ni muchezo tu," anasimulia Scholastique, akicheka. "Mutoto akashika ya kwanza, akashika ya pili, akashika ya tatu. Ufagio ukaanguka. Nikakaa chini, mon Dieu, nikatazama."

Mwaka uliofuata Lévi naye akaingia uwanjani. Nyumbani wawili hao huongea Kiswahili cha Kongo na Kiingereza cha shule, vikiwa vimechanganyika. Lakini kwenye barafu, roho ikiwa juu, lililotoka kinywani mwa Matumaini lilikuwa Kiswahili: "Nyuma! Acha! Geuka!"

Hapa Vitols anashusha pumzi. Anataka kosa lake liandikwe.

"Wa kwanza kumkataza ni mimi," anasema. "Nilimwambia: Kiingereza, Matumaini. Nikamwambia tena na tena, karibu nusu ya msimu. Nilijiona kocha mzuri."

Jioni moja alikuwa barabarani akirudi nyumbani ndipo lilipomrudia jambo la alipokuwa na miaka kumi na saba. Katika timu yake ya vijana huko Riga, enzi za Kisovieti, amri zote uwanjani zilikuwa za Kirusi. Mechi moja, dakika za mwisho, alimuona mshambuliaji nyuma ya beki wake na akapayuka kwa lugha ya mama yake: "Aiz muguras!" Maana yake ni nyuma yako. Beki aligeuka, goli halikuingia, timu ikashinda. Vitols akawekwa benchi msimu mzima.

"Nilisimamisha gari pembeni," anasema. "Yule mzee aliyeniweka benchi, nilimchukia miaka arobaini. Kumbe nilikuwa nimevaa koti lake."

Kesho yake alimfuata Scholastique kwenye majukwaa na kumuomba amfundishe maneno kumi. Aliyaandika kwenye kiganja cha glavu yake. Matumaini akaachiwa aite atakavyo, na kwa misimu miwili hakuna kipa wa umri wake aliyefungwa magoli machache kumzidi katika klabu hiyo.

Kisha ikaja Houston, mashindano ya Februari. Timu ya Vitols inaongoza kwa goli moja, zimebaki dakika mbili. Mshambuliaji anateleza mgongoni mwa Lévi. "Nyuma yako!" Lévi anageuka, anakiondoa kisahani, mechi inakwisha. Mzazi mmoja wa timu iliyoshindwa akashuka jukwaani akilalamika kwamba watoto wale wanatumia maneno ya siri. Mwamuzi alimjibu kwamba hakuna kanuni iliyovunjwa.

Yangeishia hapo. Hayakuishia. Wiki iliyofuata uongozi wa klabu yake yenyewe, klabu aliyoitumikia nusu ya utu uzima wake, ulitoa barua: kuanzia sasa, "kwa usalama wa wachezaji wote", maneno yote uwanjani yawe ya Kiingereza. Makocha waisome mbele ya watoto na kutia sahihi.

Usalama! Mtoto amemuokoa mwenzake asigongwe kwa nyuma, ndiye anayeambiwa ni hatari. Na ni klabu hiyohiyo yenye kocha wa washambuliaji kutoka Québec, anayepiga kelele za Kifaransa tangu mazoezi yaanze hadi yaishe, na hakuna aliyewahi kumwandikia hata kikaratasi.

"Na mimi je?" Vitols anauliza. "Miaka ishirini na miwili nimetukana kwa Kilatvia kwenye barafu ile. Wazazi walicheka, wakawaomba watoto wao wayarudie. Lugha yangu kichekesho, lugha yake hatari. Nionyeshe tofauti ni nini. Sema tu."

Mwandishi huyu aliliandika swali hilo kama lilivyo. Tofauti, wote wawili tulikuwa tunaijua.

Vitols alirudisha barua bila sahihi, akiwa ameandika chini yake neno moja kati ya yale kumi: Hapana. Jibu lilikuja kwenye simu, mistari mitatu, ikimwachisha kazi na kumtakia heri. Siku hiyohiyo Matumaini aliambiwa anaweza kubaki kama kipa wa akiba, mradi aahidi kwa maandishi.

"Wanataka mutoto wangu aandike kama hatasema luga ya mama yake," anasema Scholastique. Hacheki tena. "Tulikimbia vita, tukaacha nyumba, tukaacha makaburi. Luga njo kitu moja tulibeba. Nao wanataka aache hiyo pia? Hata siku moja."

Alimtoa mtoto, na yeye mwenyewe akaacha kazi ya ufagio. Leo ni yeye na Vitols wanaopanga maboksi katika ghala moja la Garland, zamu ya mchana. Mchungaji aliwapa maegesho ya kanisa, na Jumamosi watoto kumi na mmoja wanakuja, wawili kati yao Wakenya wanaoletwa na mama yao muuguzi. Mara moja kwa mwezi Vitols hukodi barafu ya Fort Worth kwa saa moja.

Amekwisha kuiandikisha timu kwa mashindano ya Novemba, Houston, uwanja uleule. Familia zinazoongea Kiswahili za Missouri City, pembezoni mwa Houston, zimeahidi kuja kujaza jukwaa. Kila kitu kipo, isipokuwa sauti ya kipa. Tangu ile barua, Matumaini anadaka, lakini haiti.

"Kila nikitaka kuita, naiona ile letter kichwani," anasema msichana. "Naanza ku-check kwanza, is this okay? By then mpira umeshapita."

Hilo ndilo linalompandisha Vitols damu kuliko kazi aliyoipoteza. "Mimi walinikalisha benchi, nikaenda zangu. Huyu wameingia mpaka kinywani."

Saa nne unusu. Zoezi la mwisho kabla jua halijawashinda. Matumaini anarudi golini na, bila kufikiri, anaanza kukwangua lami kwa soli za viatu, kushoto kulia, kushoto kulia. Hakuna barafu ya kukwangua. Vitols anamtazama na kumwacha.

Safari hii kocha mwenyewe anasimama mahali pa beki, mgongo kwake. "Mimi sioni," anamwambia kwa Kiswahili chake kizito. "Mimi mzee. Goti bovu. Wewe ona."

Lévi anatokea upande wa kushoto, anapinda, anaingia nyuma ya kocha, gongo limeshainuliwa.

"NYUMA YAKO, COACH!"

Njiwa wanaruka kwenye paa la kanisa. Vitols anageuka, goti linamlegea, anaanguka kwa kiwiko, lakini gongo lake limeufikia mpira na mpira umekwenda kugonga gari la mchungaji. Scholastique, anayetazama kutoka pembeni, ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Vitols anakaa palepale kwenye lami, kiwiko kinavuja damu. Kisha anaashiria ndoo ya mipira.

"Tena," anasema. "Houston ni mbali. Nataka isikike mpaka jukwaa la juu."