Mahindi au Haragwe

Kila asubuhi, basi la hospitali likishauacha mzunguko wa kwanza, Rosebellah Barasa alikuwa akiingiza mkono wa kulia katika mfuko wa koti lake na kushika punje moja. Mfukoni mlikuwa na punje mbili tu, ya mahindi na ya haragwe, zilizopapaswa miaka mingi hata zikang'aa. Hakutazama. Alijisemea kimoyomoyo, "Mahindi," kisha akaitoa punje na kufungua kiganja. Yalikuwa mahindi. Akairudisha, akaegemeza kichwa dirishani.

Zoezi hilo alifundishwa Eldoret, katika hospitali ya misheni, na Sista Serah, aliyemlea katika kazi ya kumsaidia daktari anayechungulia matumbo kwa mpira wenye kamera. Kinyama kikiota ndani ya utumbo, daktari hupitisha waya wenye kitanzi na kukizungushia. Lakini mpini wa kukaza kitanzi haumo mikononi mwa daktari. Umo mikononi mwa muuguzi aliyesimama kando yake. Muuguzi huvuta taratibu mpaka ahisi waya umeuma, hapo daktari huwasha umeme wa kuchomea. Akikaza mno kabla ya umeme, kinyama hukatika kibichi na damu ikajaa. Kamera haionyeshi waya umeuma kiasi gani. Vidole ndivyo vinavyojua.

"Asiyetofautisha mahindi na haragwe akiwa amevaa glavu," Sista Serah alikuwa akisema, "aende akakunje mashuka."

Mwaka 2012, wasaili kutoka Saudia walipokuja Nairobi kutafuta wauguzi, walimpa Rosebellah mpini na kalamu, wakamwambia aikamate kalamu kwa kitanzi bila kuacha alama. Aliikamata huku akimtazama msaili usoni. Miezi mitatu baadaye alikuwa Riyadh, katika hosteli ya wauguzi huko Malaz, na mwaka 2016 hospitali ilipofungua kitengo kipya Jeddah, akahamishiwa huko. Akapewa chumba Baghdadiyah, juu ya duka la mazulia. Siku za Ijumaa mumewe Jeremiah, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akimpigia simu na kuanza kwa utani ule ule.

"Mikono ya dhahabu haijambo?"

"Haijambo."

Kisha ikaja Ramadhani ya mwaka 2018. Asubuhi moja ndani ya basi alisema haragwe, akafungua kiganja, akaona mahindi. Aliyatazama kwa muda. Kesho yake alisema mahindi, yakawa haragwe. Hakulia wala hakumwambia aliyeketi karibu naye. Alishuka, akavaa aproni, na wagonjwa wa siku hiyo walikuwa tisa.

Alijua ni nini. Miaka ya kuvuta mpini humlemea mtu kwenye kifundo cha mkono, ganzi ikapanda vidoleni. Alijua pia kwamba daktari yeyote wa pale akimpima angeandika kwenye faili, na faili ingefika ofisini kabla yeye hajafika kwenye lifti. Muuguzi wa kitengo kile asiye na vidole ni muuguzi wa kurudishwa kwao. Ikama, kibali chake cha kuishi nchini, ingefutwa, halas, basi. Tena hakuwa na kazi nyingine mwilini mwake. Ilipofika fomu ya afya ya kila mwaka, mahali palipoulizwa kama ana ulemavu wowote, aliandika hapana kwa herufi nzuri.

Baada ya hapo alianza kufanya kazi kwa macho. Alipeleka nyumbani kitanzi kipya kilichopitwa na tarehe, akanunua tende laini, akaketi mezani na kufunga waya juu ya tende moja baada ya nyingine, akitazama mpini umesogea mpaka wapi waya unapoanza kuuma. Alipima kwa rula. Tende zilizokatika alizila. Asubuhi, kabla ya wagonjwa kuingia, alikifunga kila kitanzi mezani na kuchora mstari mdogo wa wino kwenye mpini wake. Wauguzi waangalifu huchora mstari mmoja, wa mahali kitanzi kinapofungika kabisa. Yeye alichora miwili, wa pili mahali waya ulipoanza kuuma zile tende. Hakuna aliyeuliza, mpaka alipokuja Selipher.

Selipher alifika Septemba kutoka Bungoma, msichana mrefu mwenye shahada na sauti ya chini, akawekwa chini ya Rosebellah ajifunze. Siku ya kwanza aliuliza maswali kumi na moja, Rosebellah akamwekea sheria.

"Swali moja kwa siku. Mengine utajibiwa na macho yako."

"Na nikibaki nalo bila kuliuliza, Sista, kesho nitakuwa na mawili?"

"La leo linakufa leo."

Daktari Zeinab, Msudani mwenye mwili na mcheshi, aliyekuwa akichanganya Kiarabu na Kiingereza katika sentensi moja, alipenda sana sheria hiyo. "Rosa, huyu bubu wako huongea lini?"

"Mara moja kwa siku, daktari. Kama dawa ya presha."

Selipher alicheka chini ya barakoa. Lakini alikuwa akitazama. Wiki ya tatu, wakiwa wanaosha mpira wa kamera, aliuliza, "Sista, wengine wote hutazama skrini wakati wa kufunga. Mbona wewe hutazama mpini?"

Maji yalikuwa yakitiririka. Rosebellah aliendelea kusugua.

"Swali la leo uliliuliza asubuhi."

Selipher hakuwa ameuliza lolote asubuhi. Alichukua taulo, akaanza kukausha.

Jumanne moja ya Novemba aliletwa bibi wa Kihijazi, mwembamba, aliyeingia akisoma dua na kulala kwa dawa akiwa katikati ya dua. Kinyama chake kilikuwa kikubwa kuliko picha zilivyoonyesha, kimekaa kwenye kona ya utumbo kama uyoga.

"Kitanzi hiki kidogo," alisema Daktari Zeinab. "Kikubwa, yalla."

Selipher alikimbia stoo, akarudi na pakiti ya aina ambayo hawajawahi kuitumia. "Vile vikubwa vyetu mafi, vimekwisha, Sista. Wameleta hivi." Akaipasua. Mpini ulikuwa mweupe, mfupi, wa kusukuma kwa gumba badala ya kuvuta. Hakukuwa na mstari wala muda wa kuchora. Daktari alikwisha kuupitisha waya ndani.

Kwenye skrini kitanzi kilifunguka, kikakizunguka kinyama, kikateremka hadi kwenye shina lake. Palionekana pazuri.

"Funga, Rosa."

Rosebellah aliusogeza mpini kidogo. Vidole vyake vilikuwa pale, alikuwa akiviona, na mpini alikuwa akiuona. Huenda waya umeuma. Huenda uko hewani. Aliutafuta uzito wowote, hata kama wa uzi, akakosa. Aliusikia mtambo wa kupima moyo wa bibi ukilia kwa mpangilio, na akili yake ikawa imetulia kama ya mtu anayesubiri lifti.

"Funga, Rosa. Nini?"

"Selipher," alisema Rosebellah. "Njoo ushike."

"Mimi, Sista?"

"Wewe. Usitazame mkono wako. Tazama pale. Sukuma mpaka uhisi kimeuma, kisha useme."

Daktari Zeinab aligeuza kichwa, akamtazama Rosebellah juu ya barakoa, halafu akarudisha macho kwenye skrini. Mpini ukahama. Selipher alisukuma polepole, mabega yamempanda hadi masikioni.

"Kimeuma," alisema.

"Una hakika?"

"Nahisi, daktari. Kimeuma."

Umeme ukawashwa, moshi mwembamba ukapita kwenye skrini, na shina likakatika jeupe, bila tone la damu. Bibi aliondolewa chumbani akikoroma. Daktari alivua glavu, akazitupa, akasimama mlangoni.

"Kesho saa mbili, ofisini kwangu," alimwambia Rosebellah, kwa sauti isiyokuwa na ukali. "Uje na mkono huo."

"Sawa, daktari."

Walibaki wawili katika chumba cha kuoshea. Rosebellah alijaza sinki, akautumbukiza mpira na kuutazama kama umetoboka popote na kutoa mapovu. Hakukuwa na mapovu. Alijaribu kuwaza atakavyomwambia Jeremiah Ijumaa, wazo halikuja, akaliacha. Selipher alisimama kando yake na taulo mkononi, bila kukausha chochote.

"Hujauliza la leo," Rosebellah alisema.

Selipher alikunja taulo mara mbili, akalikunjua. Alipofungua kinywa, sauti yake ilikuwa ndogo hata maji nusura yaimeze.

"Ni wagonjwa gani, Sista, uliowafungia bila kuhisi?"

Rosebellah alifunga bomba.

"Wote," alisema. "Tangu Ramadhani."