Mgongo wa Picha ya Chui

Usiku ule nililala nikiwa nimekata shauri: picha ya chui itakwenda kwenye maonyesho kwa jina la Baba. Walioiomba walitaka tu kujua mchoraji wa kumwandika kwenye kibao, na asubuhi wangeifuata. Jina la Baba lilikuwa pale mbele, pembeni, kwa rangi nyeusi. Nitafute nini tena?

Nikamwona shangazi Tatu, dada yake Baba, aliyetutoka zamani. Amekaa kwenye banda letu la kuchorea, kanga imejaa madoa ya rangi, na nje ni mchana mweupe. Furaha ilinijaa hata nikasahau kwamba amekufa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Picha hizi umezitazama upande mmoja tu."

Kumbe mbao zote zimeegemezwa uso ukutani, kama tulivyozoea, vumbi lisinase kwenye rangi mbichi. Mimi na udadisi wangu, nikaanza kupekua migongo. Huu una muhuri wa duka la mbao, kichwa chini miguu juu. Huu una duara la glasi ya chai. Huu umechorwa mshale na neno "juu", kwa sababu kuna mteja aliwahi kuwatundika korongo wetu miguu hewani, akabisha kwamba ndivyo wanavyolala! Nacheka peke yangu, naendelea kugeuza.

Nikiinua macho, banda limekuwa sebule ya nyumbani, na Baba yupo. Anafuta brashi nyuma ya ubao wake, maana vitambaa bandani vilikuwa vya kugombaniwa na kila mchoraji alifutia mgongoni mwa picha yake. Baba anafuta kwa mistari mifupi, ya kushuka. Shangazi naye anafuta wake, anazungusha, anazungusha.

"Shangazi, mbona wewe hukutia jina?"

"Banda lilikuwa la kaka. Wateja walilijua jina lake, basi sote tukatia hilo."

Kisha akanyoosha kidole kwa chui ukutani.

"Mgeuze."

Ubao ni mzito, siuwezi. Baba akaja, akashika upande wa pili, tukainua pamoja.

Hapo nikaamka. Kulikuwa kunapambazuka. Nilikwenda sebuleni miguu mitupu, nikamshusha chui, nikapangusa utando wa buibui. Nyuma yake palijaa viduara vya manjano, kimoja juu ya kingine. Mstari wa kushuka haukuwapo hata mmoja. Machozi yalinitoka, na sikujua namlilia shangazi au namlilia Baba.

Mama akanikuta nimechuchumaa pale.

"Mama, huyu chui kachorwa na nani?"

"Na wifi yangu. Baba yako alimwonea wivu chui huyo mpaka anakufa."

"Miaka yote hii, mbona hukutuambia?"

"Mliniuliza?"

Hodi ikapigwa. Kijana wa maonyesho aliingia, akaamkia, akatoa kalamu. "Haya, mchoraji tumwandike nani?"

Nilifungua mdomo, Mama akaniwahi.

"Andika Tatu," alisema. "Na herufi ziwe kubwa, baba. Amengoja sana."